Tufe Halinyamazi

Ramani iliyochorwa juu ya karatasi ina ruhusa moja ambayo tufe halina: inaweza kunyamaza. Mchoraji akifika mahali ambapo elimu yake imekwisha, hupiga mstari wa ukingo, na hapana mtu atakayemwuliza kuna nini nje ya mstari ule. Karatasi imekwisha, na maneno yamekwisha. Lakini mtu akitaka kuichukua ramani ile ile na kuivisha juu ya tufe, ruhusa hiyo humwondokea. Tufe halina ukingo. Ukilizungusha, kila upande huja mbele ya macho, na mahali palipokuwa nje ya mstari panadai jawabu. Mwenye kulitengeneza hana budi ama kusema neno juu ya kila shubiri ya dunia, ama kukiri mbele ya watu kwamba hapa hajui.

Katika insha hii nataka kuzungumza juu ya kazi hiyo ya kugeuza ramani bapa kuwa tufe. Nimeifanya kwa mikono yangu, tena kwa dunia ya kubuni iliyotungwa na mtoto, na ndipo nilipoielewa vizuri zaidi historia niliyoifundisha darasani kwa miaka mingi. Historia ya matufe, ndugu msomaji, ni historia ya watu waliolazimishwa kusema. Wengi wao walisema wasiyoyajua, na mara nyingine gharama ya maneno yao walilipa watu wengine.

Tufe la dunia la zamani kuliko yote ambalo habari zake zimetufikia lilitengenezwa na Crates wa Mallus, mwanachuoni wa Kiyunani aliyeishi Pergamon, katika nchi ambayo leo ni Uturuki, katika karne ya 2 kabla ya Kristo. Tufe lenyewe limepotea. Tunalijua kwa maandishi ya mwanajiografia Strabo na wengine waliokuja baadaye. Wakati huo wanachuoni wa Kiyunani walikwisha kujua kwamba dunia ni mviringo, na Eratosthenes wa Alexandria alikwisha kuukadiria mzingo wake kwa kupima vivuli vya jua. Basi Crates alipoiweka dunia aliyoijua, kutoka bahari ya Atlantiki hadi Bara Hindi, juu ya tufe, akaona imechukua kiasi cha robo moja tu. Robo tatu zilibaki tupu.

Angefanya nini? Kama angekuwa anachora ramani bapa, angeweka ukingo na kupumzika. Juu ya tufe alichora nchi nyingine tatu, moja katika kila robo, akazitenganisha kwa mikanda ya bahari. Hapakuwa na baharia hata mmoja aliyemletea habari za nchi hizo. Zilitoka katika hesabu ya ulinganifu: robo hii ina nchi, basi na zile nyingine ziwe nazo. Hivyo tufe la kwanza tunalolijua lilikuwa robo moja habari na robo tatu hadithi.

Nilikuwa nikiyataja mambo haya darasani kama mtu atajavyo majina na miaka. Yaliniingia moyoni siku nyingi baadaye, nilipokwisha kustaafu. Mjukuu wangu, msichana wa darasa la sita, alichora juu ya karatasi ya manila dunia aliyoitunga mwenyewe. Magharibi kabisa, ukingoni mwa karatasi, palikuwa na Mji wa Machweo. Mashariki kabisa, kwenye ukingo wa pili, palikuwa na Mji wa Mawio. Kaskazini, kutoka pembe moja hadi ya pili, ulienea ukuta wa barafu wenye ngome saba. Tena dunia ile ilikuwa na hadithi yake: kijana wa Machweo alitembea miaka saba kwenda Mawio kumtafuta dada yake aliyepotea. Akaniletea mchoro akasema, "Babu, nataka iwe ya mviringo kama ile ya shuleni kwetu."

Kazi yenyewe si ngumu ukiijua. Tulitafuta mpira wa miguu uliochakaa, lakini ambao ulikuwa bado na pumzi. Mpira wa kawaida una mzingo wa sentimita 68 hadi 70. Tukaupaka vipande vya magazeti vilivyolowekwa katika uji wa unga wa muhogo, tabaka juu ya tabaka, tukiukausha kivulini kati ya tabaka na tabaka, hata utepe wa fundi cherehani ukasoma sentimita 72. Niliitaka hesabu hiyo kwa sababu mzunguko mzima una digrii 360. Basi sentimita 72 zikanipa sentimita 2 kwa kila digrii 10.

Karatasi bapa haikubali kulala juu ya mpira. Ukiilazimisha itajikunja na kupasuka, kama vile ganda la chungwa lisivyokubali kutandazwa mezani bila kuchanika. Dawa ya mafundi wa matufe, tangu karne ya 16, ni kuikata ramani katika vipande vyembamba vyenye ncha mbili, mfano wa mtumbwi ukiutazama kutoka juu. Vipande 12 ndiyo desturi. Kwa mpira wetu kila kipande kilikuwa na urefu wa sentimita 36, kutoka ncha hadi ncha, na upana wa sentimita 6 kwenye ikweta. Ukipanda hadi digrii 30 upana unapungua kuwa sentimita 5 na milimita 2. Ukifika digrii 60 umebaki sentimita 3 tu, yaani nusu. Na kwenye ncha unakwisha. Mchoro wa mtoto niliugawa katika miraba, na kila mraba nikauhamishia mahali pake kwenye kipande, nikiubana kadiri ulivyokaribia ncha.

Lakini kabla ya kuhamisha hata mraba mmoja, tulisimamishwa na swali ambalo karatasi haikuwahi kumwuliza: ramani hii ni ya dunia nzima, au ni ya sehemu yake?

Kama ni ya dunia nzima, basi ukingo wa magharibi na ukingo wa mashariki vinakutana nyuma ya mpira. Mji wa Machweo na Mji wa Mawio wanakuwa majirani, kama nyumba mbili zinazotengwa na kichochoro. Kijana aliyetembea miaka saba angeweza kutoka kwa mlango wa nyuma na kumkuta dada yake kabla ya chakula cha jioni. Na zile ngome saba, zilizotapakaa kutoka pembe hadi pembe, zote zinarundikana katika nukta moja, kwa kuwa ukingo wote wa juu wa karatasi ukifika kwenye ncha huwa si zaidi ya tundu la sindano. Mtoto alitazama mpira kitambo. Kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba hadithi yake imekufa.

Nikamwambia iko njia ya pili. Tuseme ramani ni ya sehemu tu. Mchoro wake ulikuwa na upana wa sentimita 54 na kimo cha sentimita 36. Nikauhesabu kuwa miraba 18 kwa 12, kila mraba digrii 10. Kwa hesabu hiyo dunia yake ilichukua digrii 180 za mzunguko, nusu ya mpira, kutoka digrii 60 za kaskazini hadi 60 za kusini. Hadithi ilipona. Miji miwili ilibaki mbali kadiri mpira ulivyoweza kuitenga, na ngome saba zilisogeleana kwa nusu, lakini kila moja ikapata kiwanja chake. Bei ya wokovu huo ilikuwa moja tu: nusu ya pili ya mpira, pamoja na kofia zake mbili za kaskazini na kusini, ilibaki nyeupe.

Jambo hili humpata kila mwenye kushika dunia ya kubuni. Mwandishi Mwingereza J.R.R. Tolkien alipotoa riwaya yake ya The Lord of the Rings mwaka 1954 na 1955, ndani yake mlikuwa na ramani iliyochorwa na mwanawe Christopher. Ramani ile huonyesha pembe ya kaskazini-magharibi tu ya dunia aliyoitunga. Msomaji anayetaka kuifanya tufe huona mara moja kwamba sehemu kubwa ya tufe lake haina mwenyewe.

Weupe ni kitu kizito kuutazama. Kaka yake mtoto alishauri tuweke huko majoka. Jirani mmoja akasema tuweke nchi ya dhahabu. Mimi mwenyewe mkono uliniwasha. Na hapo ndipo nilipomkumbuka Martin Behaim.

Behaim alizaliwa Nuremberg, Ujerumani, mwaka 1459, akawa mfanyabiashara huko Ureno. Aliporudi kwao kwa muda, baraza la mji lilimtaka awatengenezee tufe. Kazi ilimalizika mwaka 1492 au karibu yake. Ni tufe lenye kipenyo cha kiasi cha sentimita 51, lililopakwa rangi na mchoraji Georg Glockendon, na ndilo tufe la dunia la kale kuliko yote lililosalia hadi leo. Limehifadhiwa katika jumba la makumbusho mjini humo. Behaim alikuwa na ramani bapa za wakati wake, zilizotokana na Ptolemy wa Alexandria wa karne ya 2 baada ya Kristo. Ptolemy aliijua nusu tu ya mzunguko, digrii 180, na mipakani aliandika kwamba mbele ni nchi isiyojulikana. Juu ya hayo yaliongezwa masimulizi ya Marco Polo juu ya Uchina na kisiwa cha Cipangu, yaani Japani.

Behaim alipoyavisha hayo yote juu ya tufe, nchi kavu kutoka Ureno hadi mwisho wa Asia ikanyooshwa kufikia kiasi cha digrii 230, wakati ukweli ni digrii 130 hivi. Bahari iliyobaki ikawa finyu, na ndani yake akatia visiwa, kikiwamo kile cha Mtakatifu Brendan ambacho hakijawahi kuwako. Mwezi Agosti mwaka ule ule wa 1492 Columbus aliondoka Hispania kwenda magharibi, akiwa na picha ya dunia inayofanana sana na hiyo kichwani mwake, na tarehe 12 Oktoba akaona nchi. Linganisha mambo hayo mawili, msomaji. Tufe la Nuremberg lilijazwa vizuri mno, hata halikuwa na nafasi ya bara zima la Marekani na watu wake. Lau pale palipakwa rangi nyeupe, tufe lile lingekuwa limesema kweli.

Kosa la namna hiyo halikuishia hapo. Katika karne ya 16 watengenezaji wa matufe, wakiwamo Johannes Schöner mwaka 1515 na Gerard Mercator mwaka 1541, walichora bara kubwa upande wa kusini wa dunia. Baadhi ya wanachuoni walidhani kwamba uzito wa nchi za kaskazini lazima uwe na mwenzake kusini. Ni hesabu ile ile ya Crates, baada ya miaka zaidi ya 1,600. Ilimpasa nahodha Mwingereza James Cook azunguke bahari za kusini tangu mwaka 1772 hadi 1775, akivuka Mzingo wa Antaktika tarehe 17 Januari 1773, ili kuthibitisha kwamba bara lile kubwa lenye rutuba halipo. Lililopo ni la barafu, dogo kuliko lile la kubuni, nalo lilionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1820.

Sasa nirudi pwani yetu, maana hapa Tanga ninapoishi tuna fungu letu katika habari hii. Mwaka 1854 mmisionari Mjerumani Jakob Erhardt alikaa hapa akiwahoji watu wa misafara waliokuwa wakitoka bara. Yeye na mwenzake Johannes Rebmann, aliyekuwa karibu na Mombasa, wakachora ramani iliyochapishwa London mwaka 1856. Kila msafiri waliyemwuliza, awe amepita njia ya Kilwa, ya Bagamoyo au ya kaskazini, alisema kwamba mwisho wa safari alikuta maji makubwa. Wote walisema kweli. Kosa lilikuwa katika nafasi zilizobaki kati ya neno la huyu na neno la yule. Wachoraji walizijaza maji, wakapata ziwa moja kubwa ajabu, wakaliita Ziwa la Uniamesi, yaani la Unyamwezi. Watu wa Ulaya walilicheka umbo lake, wakalifananisha na konokono asiye na nyumba. Mwaka 1857 Richard Burton na John Speke wakaja kutazama, wakiwa na Sidi Mubarak Bombay na wapagazi waliozijua njia. Mwaka 1858 wakafika Tanganyika, na tarehe 3 Agosti mwaka huo Speke akaliona ziwa la Nyanza. Maji yalikuwa matatu, pamoja na Nyasa, na kati yao kulikuwa na nchi kavu yenye vijiji, mashamba na watawala.

Mtu anaweza kudhani kwamba dawa ni kuacha weupe, na mwisho wa maneno. Mimi nilidhani hivyo muda mrefu, na nilikuwa nikimsifu darasani Mfaransa Jean-Baptiste d'Anville, ambaye mwaka 1749 alitoa ramani ya Afrika aliyoifutia hadithi za wazee na kuiacha tupu sehemu kubwa ya bara. Ule ulikuwa uaminifu wa mwanachuoni, na bado namheshimu. Lakini weupe nao unaweza kusomwa vibaya. D'Anville alisema, "Hapa sijui." Waliokuja baada yake wakasoma, "Hapa hapana mtu." Wajumbe wa mataifa walipokutana Berlin tangu Novemba 1884 hadi Februari 1885 kuzungumzia Afrika, hapakuwa na Mwafrika mezani. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zikapatana juu ya mstari kutoka mlango wa mto Umba, kaskazini ya Tanga, hadi ziwa Nyanza, mstari ulionyooka kama rula isipokuwa pale ulipopinda kuuacha Kilimanjaro upande wa Wajerumani. Wadigo, ambao ni majirani zangu, wakajikuta wamekatwa mapande mawili, na mpaka leo mtu ana shangazi Kenya na mjomba Tanzania. Juu ya karatasi iliyochorewa mstari ule, Wadigo hawakuwako.

Kwa hiyo Crates na Behaim walikosa kwa kujaza, na wale wa Berlin walikosa kwa kuusoma weupe kama upweke. Kati ya makosa hayo mawili iko njia nyembamba, nami niliionyeshwa na mtoto. Mpira wetu ulikaa sebuleni wiki nyingi na nusu yake nyeupe. Kila mgeni aliyeuzungusha alimwuliza, "Na huku kuna nini?" Mwanzoni alijibu kwamba bado hajamaliza. Baadaye alichoka kujibu hivyo. Siku moja mgeni alipomwuliza, akamwambia, "Mimi sijui. Wanajua wanaokaa huko."

Nimelifikiri neno lile mara nyingi. Dunia ni yake, ameitunga yeye, kila mto ameupa jina. Angeweza kuweka huko lolote na hapana ambaye angembishia. Hata hivyo aliwaachia wasiojulikana haki ya kujijua wenyewe. Alikiri kutojua kwake bila kuwafuta watu. Kwa watengeneza ramani wakubwa sentensi ya pili ndiyo iliyokosekana. D'Anville aliisema ile ya kwanza tu. Na ile ya pili Wanyamwezi na Wayao wangeweza kuwaambia watu wa London wakati wowote, maana walikuwa wakivuka nchi ile kwa miguu mwaka hadi mwaka, na kila kijito walikijua kwa jina.

Sisi nasi tuna weupe wetu. Mtu wa pwani husema "bara" kwa neno moja, kama kwamba kutoka Korogwe hadi Kigoma ni mahali pamoja; na mtu wa bara husema "pwani" vivyo hivyo. Tukiulizwa juu ya jirani wa mbali tusiyemjua, ama tunamjaza majoka, ama tunasema hayuko. Basi, ndugu msomaji, siku utakapokuta tufe mezani, usitazame kwanza nchi yako, maana hiyo unaijua. Lizungushe mpaka ufike mahali ambapo huna habari napo, uweke kidole hapo, ukumbuke kwamba chini ya kidole chako pengine yuko mtu anayeijua njia ya kwenda kisimani.